Kati ya «Nilisha» na «Bado»

Kwa Kiswahili tunachosema Kasaji, mtu akitoka hospitali anaulizwa swali moja: «Ulisha kupona?» Wenzetu wa pwani wangeuliza «Umeshapona?», na sote tuliopita darasa la mofolojia tunajua kwamba pande zote mbili kuna kitenzi kilekile, kwisha, kilichochakaa kwa kutumiwa hata kikageuka kiungo cha sarufi. Swali hilo lina majibu mawili tu: «Nilisha» au «Bado». Na «bado» si sawa na hapana. Anayesema «treni bado» anaahidi treni, hata kama kwenye reli yetu ya kwenda Dilolo ahadi hiyo yaweza kula siku kadhaa. Ukijibu «bado», umeahidi kwamba siku moja utajibu «nilisha».

Nina miaka 24, na swali hilo nimeulizwa tangu nilipoanza kuelewa maneno. Nilizaliwa na ugonjwa ambao Kongo nzima inauita kwa herufi mbili, SS, na ambao vitabu vya Tanzania vinauita selimundu. Hauishi. Kwa hiyo jibu la kwanza ni uongo, na la pili ni ahadi nisiyoweza kuitimiza. Naandika hapa kwa sababu tangu niingie kitivoni nimepewa mashauri mengi sana juu ya fikra zangu na machache sana juu ya maneno yangu. Nadhani tumeanzia mwisho. Kwa mtu anayeishi na ugonjwa wa kudumu, kusema maumivu kwa usahihi ndiko kunakotangulia. Utulivu wa moyo unafuata nyuma, ukifuata. Na kazi ya kutafuta usahihi huo ni ya kitivo cha lugha kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Ugonjwa wenyewe unaelezeka kwa maneno machache. Himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, imebadilika mahali padogo sana. Chembe ikiisha kutoa oksijeni yake inajipinda, inakuwa ngumu, inashikana na nyingine, na njia ndogo za damu zinazibika. Mfupa ulio mbele ya kizibo unakosa hewa. Hapo inaanza ile tunayoiita krize. Baridi huileta, kiu huileta, homa huileta, uchovu huileta, na mara nyingine inakuja bila kualikwa. Watu wa Kinshasa hudhani Kongo yote ni joto. Waje walale Kasaji mwezi wa 6 au wa 7, huku juu kwenye uwanda wetu, ndipo watajua kwa nini mama yangu anaanza kuulizia bei ya mablanketi mwezi wa 4.

Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, yaani AS, kwa kawaida haumwi, tena anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Jambo hilo alilionyesha Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, mwaka 1954, na linaeleza kwa nini ugonjwa wetu umejenga pale malaria ilipojenga. Timu ya Profesa Léon Tshilolo ilipima damu ya watoto wachanga zaidi ya 31,000 mjini Kinshasa. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha karibu mtoto mmoja SS katika kila 70. Hesabu hiyo ina maana kwamba katika ukumbi mkubwa wa masomo wenzangu wapo, au wangekuwapo kama wote wangefika umri huu.

Dawa nayo ipo. Mwaka 2019 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti uliofanywa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, mwandishi wake wa kwanza akiwa Tshilolo huyohuyo: watoto 606 walipewa haidroksiyurea, na matukio ya maumivu yakashuka kutoka 98.3 hadi 44.6 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Vifo vilipungua pia, hata malaria ilipungua. Natanguliza habari hii makusudi, ili asiwepo atakayenisoma kana kwamba nasema kalamu inashinda kidonge. Kidonge kinashinda. Taabu ni kukipata bila kukatiza huku mtu akiishi mbali na Kolwezi, na kumfanya anayekiandika aamini unachomwambia.

Sasa turudi kwenye maneno. Mwaka 1910 daktari mmoja wa Chicago, James Herrick, alichapisha habari za mgonjwa wake, kijana wa Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Chini ya hadubini ziliona­kana chembe zenye umbo la mundu, na kutoka hapo jina likaenea duniani. Kiswahili kimelipokea vizuri kabisa: seli, mundu, neno moja safi lisilohitaji maelezo. Silikatai. Ni bora kuliko drepanositozi, ambalo ni mundu uleule kwa Kigiriki. Lakini tazameni limezaliwa wapi. Limezaliwa kwenye jicho la daktari. Mimi sijawahi kusikia mundu wowote mwilini mwangu. Na kijana yule, aliyeitwa Walter Clement Noel, makala ya Herrick haikumtaja kwa jina.

Afrika Magharibi mambo yalikuwa tofauti, na habari hizo tunazo kwa sababu daktari mmoja wa Ghana alikuwa na sikio la mwanaisimu. Felix Konotey-Ahulu, aliyeufuatilia ugonjwa huu ndani ya ukoo wake mwenyewe hadi mwaka 1670, aliandika majina ambayo watu walikuwa nayo bila hadubini: kwa Kiga chwechweechwe, kwa Kifanti nwiiwii, kwa Kiewe nuidudui, kwa Kitwi ahotutuo. Huhitaji kuzijua lugha hizo ili usikie uradidi uliomo. Kitu kinatafuna, kinaacha, kinarudi kutafuna. Anayeweza kulitunga jina kama hilo ni mtu aliyelala kando ya mgonjwa usiku kucha akimsikiliza. Tanakali za sauti, ambazo sisi tunazifundisha kwa mifano ya chubwi na pu, huko zilifanya kazi ya utambuzi wa ugonjwa: watu walijua kwamba maumivu ya leo na yale ya mwezi uliopita ni mnyama mmoja.

Na sisi? Sisi tuna herufi mbili kutoka kwenye karatasi ya maabara. Tena sikilizeni zinavyotumika. Mtu mwenye malaria, Kasaji wanasema «iko na malaria». Mwenye kisukari, «iko na sukari». Mimi, «iko SS». Ile na imeanguka njiani. Malaria ninayo kama mgeni aliyeingia nyumbani. SS mimi ndiye nyumba. Sidai kwamba watu wanakusudia ubaya. Mama yangu mwenyewe anasema hivyo, na ndiye aliyenibeba mgongoni hadi hospitali zaidi ya mtu yeyote. Nasema tu kwamba mofimu moja ikikosekana kwa miaka 24, mtu huanza kuihisi.

Juu ya msingi huo ndipo yanapojengwa mashauri ya fikra. Yako ya aina mbili, na yote mawili nimeyasikia sana.

La kwanza ni la nyumbani: usiutaje. «Mama, hilo jina usiliseme, kutaja ni kuita.» Naliheshimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu limetoka kwa watu waliozika watoto. Mzazi aliyempoteza mtoto kabla ya miaka mitano ana haki ya kuogopa sauti ya kitu. Lakini kwa mtoto anayebaki, matokeo yake ni kwamba anakua na maumivu yasiyo na neno. Anajifunza kulia na kunyamaza tu, na baina ya hayo mawili hakuna kitu.

La pili ni la mjini, la vijana wenzangu, na hilo kwa kweli linanichosha. Badilisha fikra, yaya. Usijione mgonjwa. Jisemee kila asubuhi kwamba wewe ni mzima. Nimeambiwa hivyo na watu wanaonipenda, wengine wakiwa wamenikalia kitandani na serumu ikidondoka. Kinachonisumbua ni ile hesabu iliyojificha chini ya maneno yao: kama fikra nzuri zinazuia krize, basi krize ikija ni kwamba sikufikiri vizuri. Mgonjwa anapewa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza, tena anapewa kwa upole, huku akishikwa mkono. Mfupa usio na oksijeni hausikilizi hotuba. Na kujisemea kila asubuhi jambo unalojua si kweli ni zoezi la kuzoea kutoyaamini maneno yako mwenyewe, kitu ambacho mwanafunzi wa lugha hana budi kukiogopa.

Kuandika ni jambo jingine. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, huko Marekani, waliwaomba wanafunzi waandike kwa dakika 15, siku 4 mfululizo, juu ya jambo gumu kuliko yote maishani mwao. Baadaye ilionekana kwamba walioandika kweli juu ya yaliyowapata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko walioandika mambo ya juujuu. Mwaka 1999 Joshua Smyth na wenzake walijaribu kwa wagonjwa wa pumu na wa baridi yabisi, dakika 20 kwa siku 3. Baada ya miezi minne, asilimia 47 ya walioandika walikuwa na nafuu iliyopimika, dhidi ya asilimia 24 ya wengine. Tafiti zilizofuata zilipunguza shangwe: Joanne Frattaroli alipoziweka pamoja tafiti 146 mwaka 2006, faida ilikuwepo, lakini ndogo. Ndogo inanitosha. Kaye moja inagharimu kidogo kuliko kitu chochote kilichomo kwenye kabati la dawa.

Kinachonivutia zaidi katika kazi ya Pennebaker ni cha kiisimu. Alipohesabu maneno, aliona kwamba walionufaika ni wale ambao maandishi yao yalibadilika siku hadi siku, yakaongeza maneno ya sababu na ya kung'amua. Maneno ya furaha peke yake hayakutosha. Kwa Kiswahili, neno la kung'amua halina haja ya kutafutwa mbali. Tunalo, na ni zuri kuliko la lugha nyingi: kumbe.

Mimi nilianza kaye yangu kwa Kifaransa, kama mtu yeyote aliyesomeshwa hapa angefanya. Kurasa zile ni safi, hazina kosa, na hazina mtu ndani. Ni ripoti. Hakuna kumbe hata moja, kwa sababu Kifaransa changu ni lugha ya mitihani, na kwenye mtihani hung'amui kitu, unajibu. Baadaye nilihamia Kiswahili sanifu, mambo yakawa bora kidogo. Kilichofungua mlango ni siku niliyoandika kama ninavyoongea na dada zangu: mifupa inanilumaka.

Hapa naomba walimu wetu wa sintaksia wakae vizuri, maana hiki ndicho kiini cha hoja yangu. Kwa Kiswahili cha Katanga, inaniluma ni ya sasa hivi: meno yako ndani ya nyama. Inanilumaka ni ya desturi: inaniuma mara kwa mara, ndivyo ilivyo, hata kama dakika hii nimekaa nacheka nanyi. Kiambishi hicho cha -aka kinasahihishwa kwa wino mwekundu tangu shule ya msingi kwa sababu si sanifu. Sanifu ina hu-, «huniuma», ni sawa, lakini Kasaji hu- inabaki kitabuni na kanisani. Hakuna mtu anayelia kwa hu-. Sasa mpelekeni msemaji huyu mbele ya meza ya hospitali. Anasema «inanilumaka». Anayeandika anaandika kwa Kifaransa: maumivu ya mifupa. Hali ya kitenzi imetupwa. Kesho daktari anayepokea zamu anasoma fomu, anamwona mgonjwa ametulia kwa saa mbili, anaamua kwamba maumivu yamekwisha. Au kinyume chake: anauliza namba, kutoka sifuri hadi kumi, mgonjwa anatafuta namba ya kitu ambacho kwake kina wakati na tabia kuliko ukubwa, anasema «tano» ili asionekane mdeko. Tano inaandikwa. Hospitali moja, ambayo sitaitaja, iliwahi kunirudisha nyumbani na tano yangu, na usiku huohuo ikawa lazima nirudi.

Kaye iliyoandikwa kwa -aka ilinipa kitu ambacho fomu haikunipa. Nilipokuwa na miezi sita ya kurasa, nilizisoma kwa mkupuo mmoja, kama tunavyosoma matini darasani, nikaona krize tatu zimeanguka siku mbili au tatu baada ya siku ambazo bomba la nyumba ya wanafunzi lilikauka. Kumbe baridi haikuwa peke yake. Kumbe bomba pia. Nilimpelekea daktari kaye yenyewe. Alikuwa Mkasai, Kiswahili chetu anakisikia kwa kubahatisha, lakini alisoma mstari kwa mstari akiniuliza maneno, na ilikuwa mara ya kwanza mtu wa koti jeupe kuniuliza neno lina maana gani. Sasa nina dumu la lita 20 chini ya kitanda ambalo ni la kunywa tu, na wenzangu wa chumba wameonywa. Krize hazikwisha. Zimepungua, na zile zinazokuja hazinikuti nikijishitaki.

Siku hizi nikiulizwa kama nilisha kupona, ninajibu kwa kitenzi kingine: «Inapola.» Pwani wangesema imepoa. Chai inapoa, moto unapoa, ugomvi unapoa, na hakuna anayedhani kwamba moto uliopoa umekufa milele. Kupona na kupoa vinasikika kama ndugu, na bibi zetu walivitumia vyote viwili, ila shule imetufundisha kusubiri kimoja tu. Watu wanashangaa kidogo, halafu wanaelewa. Hakuna aliyewahi kuniomba nifafanue.

Najua kuna watakaosema kwamba kuandika maumivu ni desturi ya Wazungu, Mwafrika huimba na kucheza. Hao nawaalika waangalie kusini mwa Kasaji, ng'ambo ya mpaka. Victor Turner aliishi kati ya Wandembu wa Mwinilunga kati ya mwaka 1950 na 1954. Hao ni Walunda wenzetu, wanaosimulia wenyewe kwamba wametoka katika nchi ya Mwantiyanvwa, ambayo makao yake, Musumba, yamo leo katika jimbo letu la Lualaba. Katika vitabu vyake, The Drums of Affliction wa mwaka 1968 na The Ritual Process wa mwaka 1969, kuna maneno mawili ambayo kila mwanafunzi wa idara yetu angepaswa kuyajua. La kwanza ni kusolola, kudhihirisha, kukitoa nje kilichofichika: kwa Wandembu, kitu kinachotesa kikitajwa na kuonyeshwa mbele ya watu, nguvu yake inaanza kushikika. La pili ni chijikijilu, alama. Mwindaji akiingia msitu asioujua anachanja miti kwa shoka ili aweze kurudi kwenye njia anayoijua. Neno hilohilo ndilo wanalolitumia kwa ishara za matambiko yao ya uponyaji.

Sisemi kwamba ngoma zile zinanyoosha himoglobini. Nasema kwamba wazo la kukaa kimya na kujisemea «mimi ni mzima» si la nkambo zetu. Wao walitaja. Walitaja hadharani, kwa majina, mbele ya ndugu na majirani, na majirani nao walilazimika kusema yaliyowakaa moyoni. Aliyetuambia kwamba kutaja ni kuita ametoka mahali pengine, au ametoka kwenye huzuni yake.

Kitivo kinaweza kufanya nini? Mwaka 1975 Ronald Melzack, wa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, alitoa dodoso la maumivu lenye maneno 78 yaliyogawanywa katika makundi 20. Mgonjwa anachagua maneno yanayomfaa, na daktari anapata kitu kilicho bora kuliko namba. Maneno hayo yalikuwa ya Kiingereza, na yalikusanywa kwa kazi ambayo mwanafunzi yeyote wa leksikografia angeitambua: kuorodhesha, kupanga kimaana, kuuliza wasemaji lipi ni kali kuliko lipi. Hapa kwetu orodha kama hiyo haitatoka kwa kutafsiri. Inabidi ianze kwenye mabenchi ya hospitali za Kasaji, Dilolo na Kolwezi, kwa Kiswahili cha Katanga, Kilunda, Kichokwe na Kiluvale, kwa kuwasikiliza wanaoumwa na mama zao. Mama zao hasa. Mtoto wa miaka mitatu hana dodoso, lakini mama yake anajua kilio cha njaa na kilio cha mfupa, na hakika ana maneno ya kuvitofautisha.

Nilipopendekeza jambo hili kama mada ya kazi yangu ya mwisho, niliambiwa kwamba ni la udaktari. Nililifikiria sana jibu hilo, na silikubali. Daktari hana kazi na tofauti ya inaniluma na inanilumaka mpaka sisi tumwonyeshe kwamba inampotezea wagonjwa. Mwingine alisema, kwa nia njema, kwamba Kiswahili cha Katanga si lugha ya kuandikwa. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hichohicho historia ya mji wa Elisabethville, kwa niaba ya chama cha waliowahi kuwa maboi wa Wazungu, na Johannes Fabian aliichapisha yote mwaka 1990; leo inasomwa katika vyuo vikuu ambavyo sisi tunaota kupata nafasi ya kusoma. Kama maboi hawakungoja ruhusa ya sarufi sanifu kueleza maisha yao, sioni kwa nini mgonjwa angoje.

Kuna shaka moja tu ninayoiona nzito. Kaye ya mgonjwa ni yake. Sitaki orodha itakayojengwa kwa kupora siri za watu, na nimeona jinsi jina la ugonjwa linavyoweza kuvunja uchumba mara karatasi ya maabara inapoonekana. Kwa hiyo tukusanye maneno na kuacha habari za watu, tuulize mwenyewe kabla ya kuandika, na anayetaka kaye yake ichomwe ichomwe. Hilo linapunguza kasi ya kazi. Acha ipunguze.

Likizo ya kiangazi nitakuwa Kasaji, ndani ya mablanketi. Kabla ya hapo, kila Alhamisi saa nane mchana, nakaa meza ya mwisho ya maktaba, upande wa dirisha lisilofunga vizuri (ningependa lifungwe kabla ya mwezi wa 6). Nimeshaandaa maswali 12 ya kuanzia na kaye tupu tano. Nahitaji wasemaji wawili wa Kichokwe na mmoja wa Kiluvale, na mtu wa fonetiki mwenye kinasa sauti kinachofanya kazi. Siku msiponikuta, andikeni majina yenu ukurasa wa kwanza wa kaye ya kijani, mwendelee na swali la tatu.